Gari la kifahari la zamani: maswali ninayoulizwa na wanunuzi wa Dar es Salaam

Simu huja mara nyingi Jumamosi asubuhi. Mtu amesimama kwenye yadi, pengine Kinondoni, pengine Barabara ya Nyerere, dalali yuko pembeni yake, naye anaongea kwa sauti ya chini: "Kaka, nimekuta Mercedes E-Class safi kabisa, bei yake na ya Toyota IST ni pua na mdomo. Nichukue?" Nimeyakusanya hapa majibu ninayotoa, ili uyasome kabla hujatoa hata hela ya kushikia gari. Magari haya nayapenda. Nimeendesha la Kijerumani kwa miaka saba na bado ninalo, kwa hiyo sikuandikii ili kukukatisha tamaa. Nataka ununue lile utakaloweza kukaa nalo.

Kwa nini gari lililokuwa la mabosi linauzwa bei ya IST?

Kwa sababu bei ya gari imeshuka na bei ya vipuri vyake haijashuka. Pampu ya breki ya Mercedes ya mwaka 2004 ilitengenezwa kwa ajili ya gari la tajiri, na dukani bado inauzwa hivyo hivyo hata kama gari lenyewe limefika kwa mnunuzi wa tano. Huko Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari la kifahari likizeeka, mwenyewe huona heri aliuze. Likifika hapa huendeshwa vizuri mwaka mmoja au miwili, halafu linadai tengenezo kubwa la kwanza. Mwenye gari anapiga hesabu, anashtuka, analiosha na kulipeleka yadi. Mara nyingi wewe unalikuta likiwa katika hatua hiyo hasa.

Kwa hiyo usijiulize kama unaweza kulinunua, maana wengi wanaweza. Jiulize kama unaweza kulihudumia kama gari la hadhi yake, huku mshahara wako ukiwa ni huu huu.

Nina milioni 20. Nitafute la milioni 20?

Hapana. Tafuta la milioni 13 au 14, kilichobaki kiweke benki na usikiguse. Kanuni yangu ni theluthi moja ya pesa yote, na kwa gari lenye sospensheni ya hewa au injini ya V8 naongeza hapo.

Mimi la kwangu nililinunua kwa pesa yote niliyokuwa nayo. Wiki ya tatu, kwenye foleni ya Ubungo, taa nyekundu ya breki iliwaka na pedali ikawa nzito. Halikugonga mtu, namshukuru Mungu, lakini lilikaa gereji miezi miwili. Halikushindikana kutengenezwa, pesa ndiyo sikuwa nayo. Ndani ya miezi hiyo betri ilikufa, panya waliingia kwenye nyaya, na bili ikakua. Ningekuwa na akiba, ingekuwa kazi ya siku mbili. Nikisisitiza jambo hili kuliko mengine yote, ndiyo sababu.

Akiba hiyo itaanza kutumika hata kama gari halina tatizo lolote: oili ya injini na filta zake, oili ya giaboksi, maji ya breki, bushi za miguu ya mbele, betri, na pengine matairi manne. Usidanganywe kwamba oili ya giaboksi "ni ya maisha". ZF, wanaotengeneza giaboksi za BMW nyingi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Lina namba E. Si ina maana ni jipya?

Herufi za namba zinaeleza lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la mwaka 2005 lililoingia juzi litakuwa na namba E, na jirani yake la mwaka huo huo lililoingia zamani lina namba B. Tazama mwaka wa kutengenezwa na namba ya chasisi. Kwa Mercedes, tarakimu tatu zinazofuata WDB hutaja muundo wenyewe: 211 ni E-Class ya 2002 hadi 2009, 203 ni C-Class iliyoitangulia 204. Muuzaji akikuambia ni "mpya mpya" wakati chasisi inasema 203, unajua tayari unaongea na mtu wa aina gani.

Niagize Japani au ninunue lililoko hapa?

La kuagiza lina faida moja kubwa: karatasi ya mnada. Mkaguzi wa kule huandika daraja la gari, na ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Mwombe muuzaji karatasi yenyewe, na utafute wa kukutafsiria maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Picha zilizong'arishwa zisikutoshe.

Hasara yake ni kodi. Kuna ushuru wa forodha wa 25%, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda injini ikizidi cc 2000, kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililovuka miaka 8, na VAT ya 18% inakokotolewa juu ya vyote hivyo. Gari la kifahari la zamani hunaswa na karibu kila kimoja. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Weka modeli na mwaka, uone mwenyewe. Wengi hukuta kodi inaizidi bei ya gari. Ndiyo maana kwa bajeti ndogo huwa nashauri lililoko hapa tayari, la mtu anayejulikana, ambalo fundi wake yupo na anaweza kuulizwa.

Jambo dogo: redio ya gari la Japani husoma 76 hadi 90 tu. Stesheni nyingi za Dar ziko juu ya hapo, na skrini itakuwa ya Kijapani. Kwa gari la Kijerumani kubadilisha redio si kazi ya jioni moja, maana mara nyingi imeungana na mifumo mingine.

Ni yapi unayapendekeza, na yapi unayaogopa?

Nitaanza na Mercedes W211, ile E-Class ya 2002 hadi 2009, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Ni gari zuri, lina utulivu barabarani ambao ukiuzoea hutaki kingine. Lakini yale ya kabla ya maboresho ya mwaka 2006 yana breki za umeme ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu kazi iliyofanya, na ikifikia kikomo inadai kubadilishwa. Kiwanda chenyewe kiliita magari yenye mfumo huo warudishwe kukaguliwa mwaka 2004 na tena 2005, kisha kikauondoa kwenye E-Class. Ukipata W211 ya 2007 kuendelea, suala hilo halipo.

Injini zake nazo zina tabia zake. Ile ya cc 1800 yenye nembo ya Kompressor, iitwayo M271, ambayo pia imo kwenye C180 na C200, cheni yake ya taimingi hurefuka na gia za kamshafti hulika. Sikiliza sekunde za mwanzo ikiwashwa asubuhi. Ikikwaruza kama mnyororo wa baiskeli mkavu, hiyo bei ipunguzwe au uondoke. V6 za M272 za mwanzo, 2005 hadi 2007 hivi, zina gia ya shafti ya mizani inayolika meno, na kuibadilisha lazima injini ishushwe. Linganisha namba ya injini na orodha ya zilizoathirika kabla ya kulipa.

BMW E90 (3 Series) na E60 (5 Series) ni raha kuziendesha. Adui yao ni joto. Tangi la maji, mabomba na sehemu za rejeta ni plastiki, na injini ya N52 ina pampu ya maji ya umeme ambayo haitoi onyo la maana: leo inafanya kazi, kesho gari limechemsha. N46 ya silinda nne hula oili, na moshi wa bluu utauona kwenye kioo cha nyuma ukiondoka baada ya kusimama kwenye taa. Dizeli ya N47 ina cheni upande wa nyuma wa injini, na kuifikia tu ni gharama. E90 nyingi hazina tairi la akiba, kwa sababu zilitoka na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, na wala hazina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi. Kwa Dar hilo la mwisho linanisumbua sana.

Range Rover na Discovery 3? Ninaelewa moyo unakoelekea. Kompresa ya hewa na mifuko yake ya mpira huchoka, na dizeli ya 2.7 ina historia ya kukatika krankshafti. Kwa mtu mwenye gari jingine la kumpeleka kazini, sawa. Kwa mtu ambaye hilo ndilo gari pekee la familia, hapana, na nitasema hapana hata ukiniuliza mara tatu.

Kisha kuna njia ambayo watu huidharau: Toyota Crown, Mark X, Lexus LS 430. Crown ya 2003 hadi 2008 ina starehe ambayo mtu asiyetazama nembo hataitofautisha kirahisi, na fundi wake unampata mtaani. LS 430 ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwenye kilomita 150,000 hivi. Uliza kama ulibadilishwa, kwa sababu ukikatika vavu zinagongana na pistoni. Harrier ya cc 2400 nayo baadhi hula oili, kwa hiyo vuta kijiti cha oili ukague kabla hujasifia viti.

Nikienda kulikagua nifanye nini hasa?

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hataki usikie.

Kama lina sospensheni ya hewa, omba lilale bila kuwashwa usiku mmoja, kisha litazame kwa mbali. Upande mmoja ukiwa umelala kama ng'ombe aliyechoka, mfuko unavuja.

Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake. Ile sehemu ya mwisho, ambayo haitoki kila siku, haioshwi na mtu. Ukikuta alama ya tope hapo, gari liliingia kwenye maji. Dar ina bonde la Jangwani linalofurika na ina masika, na magari yaliyozama huuzwa. Fungua buti, inua zulia mpaka sehemu ya tairi la akiba. BMW nyingi na W211 zimeweka betri na masanduku ya umeme huko nyuma, kwa hiyo unyevu hapo ni hatari kuliko ungekuwa kwenye gari la kawaida. Gusa pia zulia la dereva. Magari yenye kioo cha paa yana vimifereji vya kutolea maji, na lililokuwa likiegeshwa chini ya mwarobaini huwa vimeziba kwa majani, maji yanaishia ndani.

Watu huja na sumaku kutafuta puti iliyozibia mbonyeo chini ya rangi. Ni wazo zuri, lakini boneti, fenda za mbele na kifuniko cha buti vya W211 ni aluminiamu, na sehemu ya mbele ya E60 pia. Sumaku isiposhika hapo usimwite mtu mwongo. Kwenye milango ndipo iwe na kazi. Tazama vilevile mihuri ya tarehe kwenye vioo: kimoja kikiwa cha mwaka tofauti na vingine, uliza kwa nini.

Kilomita usiziamini. Tazama ngozi ya stelingi, pedali na ukingo wa siti ya dereva. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma.

Halafu mashine. Kale kakifaa kadogo kanakochomekwa na kuongea na simu husoma injini tu, tena kwa juu juu. Unahitaji gereji yenye mashine inayosoma breki, giaboksi, mifuko ya hewa ya usalama (airbag) na sospensheni za aina hiyo ya gari. Mwambie fundi akutazamie pia kama makosa yamefutwa karibuni. Gari hukumbuka, kwa sababu vipimo vyake vya ndani vinaonekana bado havijakamilika. Muuzaji akikataa gari lisiende kupimwa, hata kwa lugha tamu, shukuru na urudi nyumbani.

Vipuri nitavipata Kariakoo?

Vya Toyota utavipata Gerezani, jirani na Kariakoo, kabla jua halijawa kali. Vya Mercedes na BMW vipo, ila maduka ni machache na unakuta ngazi tatu: orijino yenye nembo, ile ya kampuni iliyomtengenezea mwenye nembo, na feki. Ile ya katikati ndiyo uisake. Kampuni kama Bosch, Lemförder, Sachs na Mahle hutengeneza sehemu zinazoingia kwenye magari haya yakiwa mapya, na zikiuzwa kwenye boksi lao wenyewe huwa nafuu. Tatizo ni kwamba maboksi nayo yanaigwa. Nenda na namba ya kipuri uliyoipata kwa kutumia chasisi, na kipuri cha zamani mkononi.

Vya mtumba, vya Ilala na kwingineko, navikubali kwa milango, taa, vioo na viti. Kwa pampu za maji, bushi na sensa sivikubali. Unalipia uchovu wa gari la mwingine. Na ujue baadhi ya visanduku vya umeme vya mtumba havifanyi kazi mpaka vifundishwe gari lako, na wa kuvifundisha si kila fundi.

Fundi wangu wa miaka yote anasema ataliweza. Nimwamini?

Muulize ni magari mangapi ya aina hiyo ameyashika mwaka huu, na umwombe akuunganishe na mwenye mojawapo. Fundi mwema ambaye hajazoea mfumo huo atabadilisha vipuri kwa kubahatisha, kwa nia njema kabisa, na pesa ni yako. Tafuta fundi kwanza, gari baadaye. Ukishampata umuulize yeye kama analijua gari linalouzwa. Mafundi wa magari haya Dar ni wachache kiasi kwamba mara nyingi anajua historia yake.

Foleni na joto la Dar vitaliua?

Vitalipima. Kusimama Mwenge au Buguruni nusu saa, kiyoyozi kikiwaka, injini haipati upepo ila wa feni. Kwa gari lenye plastiki za miaka 18 kwenye mfumo wa maji, mimi hubadilisha zote kwa pamoja kabla hazijapasuka: rejeta kama imechoka, tangi, mabomba, themostati, pampu. Ni gharama, lakini silindahedi iliyopinda ni gharama zaidi.

Na tafadhali, usijaze maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi, na injini za aluminiamu huliwa kimya kimya. Weka kulanti ya rangi na aina inayotakiwa na gari lako. Wanaoishi Kigamboni au Mbezi Beach waoshe chini ya gari mara kwa mara pia. Mercedes W210, ya kabla ya 2002, inajulikana kwa kutu hata huko Ulaya.

Naishi Kivule, barabara yetu unaijua.

Basi usinunue lenye sospensheni ya hewa wala rimu kubwa zenye matairi membamba.

Mafuta je?

Chukua kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: 880. Gari linalokwenda kilomita 7 kwa lita kwenye foleni litakunywa kama lita 126. IST ya kilomita 12 kwa lita ni lita 73. Tofauti ni lita 50 na ushee kila mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huo. Ukiona kiasi hicho kinakuuma sasa, ukiwa umekaa, kitakuuma zaidi ukiwa kituoni.

Bima kubwa nitapata?

Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni 3.5% ya thamani, na VAT juu yake. Ila uliza kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya kampuni husita kwa gari lililozeeka sana. Ukibaki na bima ndogo, ukigongwa na asiyejulikana gharama ni zako.

Karatasi gani nizitazame?

Kadi ya gari halisi, na namba za chasisi na injini zilinganishwe na zilizo kwenye chuma chenyewe. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Likiwa la mtu mwingine, huyo mtu aje. Gari lililowekwa rehani kadi yake huwa mikononi mwa mkopeshaji, kwa hiyo hadithi ya "kadi iko nyumbani Moshi" isikutoshe. Angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi na ya maegesho kwa TARURA. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA mara moja.

Kwa magari mazuri ya Masaki na Oysterbay yenye namba za CD (za kibalozi) au DFP (za miradi ya wafadhili), kuwa makini zaidi. Yaliingia kwa msamaha wa kodi, na yakihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Kabla ya kupatana bei, mkubaliane kwa maandishi nani anailipa.

Naweza kuliingiza kwenye biashara ya teksi za mtandao lijilipie?

Hapana. Mafuta peke yake yatamaliza mapato, na gari litaharibika likiwa na abiria.

Nikitaka kuliuza baadaye?

Litachukua muda. IST inauzwa kwa simu mbili. La kifahari la zamani linaweza kukaa miezi, na wanaokuja wengi huja kupiga picha. Kinacholiuza ni faili. Tunza kila risiti ya oili, kila boksi la kipuri, kila karatasi ya mashine, pamoja na tarehe na kilomita. La kwangu lina faili la inchi mbili, na watu wawili wameshaniomba niwape nafasi ya kwanza siku nikiliachia. Mmoja wao ni fundi wangu.